Football Manager 2024: inafaa kwa kumtafuta kiungo mpya wa Ireland?

Anayeifuatilia timu ya taifa ya soka ya Ireland anaujua ugonjwa wake. Novemba 2025 iliifunga Ureno 2-0 mjini Dublin, na siku tatu baadaye ikaifunga Hungaria 3-2 Budapest kwa mabao matatu ya Troy Parrott, la mwisho likiingia dakika ya 96. Raha tupu. Lakini irudie ile mechi ya Ureno umtazame kiungo Josh Cullen na mwenzake pale katikati: kazi yao ilikuwa kukimbia, kuziba na kunyang'anya, na mpira ukishanyang'anywa haukukaa. Swali alilokuwa nalo kocha wa zamani Stephen Kenny ndilo alilolirithi Heimir Hallgrímsson alipopewa timu Julai 2024: Cullen akikosekana, nani atapokea mpira huku adui yuko mgongoni, ageuke na aupeleke mbele?

Football Manager 2024 ni gemu ya kompyuta ya kufundisha timu, na hapa inapimwa kwa kazi hiyo moja: kukuonyesha viungo na wachezaji wengine wanaoweza kuitwa Ireland. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri kweli, mradi uiandae vizuri kabla hujaanza. Wengi huikimbilia, hubonyeza tu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha hulalamika kwamba Ireland haina watu.

Mbona toleo la zamani? Kwa sababu la 2025 lilifutwa Februari 2025 bila kutoka, na la 2026 lilipotoka Novemba 2025 halikuwa na nafasi ya kufundisha timu ya taifa. Ndiyo maana kwa anayetaka kukaa kwenye kiti cha Hallgrímsson hapa linapimwa la 2024.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Gemu inapokuuliza ligi za kuchezwa, usichague Ligi Kuu ya Uingereza peke yake. Viungo wa Ireland wako ligi za chini: gemu inapoanza, Jayson Molumby yuko West Brom, Jason Knight yuko Bristol City, na Jack Taylor yuko Ipswich. Ligi usiyoichagua haichezwi kikamilifu, kwa hiyo takwimu za wachezaji wake huwa chache na huwezi kujua nani yuko kwenye fomu. Chagua Uingereza angalau madaraja manne, Uskoti daraja la juu, na Ireland yenyewe madaraja yote mawili. Ligi nyingine ziache ziwe za kutazamwa tu.

Kisha ingia kwenye mpangilio wa juu wa hifadhidata uongeze wachezaji wote wenye uraia wa Ireland. Hapa ndipo wengi hupitwa. Usipofanya hivyo, gemu huacha nje vijana walio kwenye akademi za nchi ambazo hukuzichagua. Na hao sasa ni muhimu: tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, klabu za Uingereza haziwezi kumsajili kijana wa Ireland kabla hajatimiza miaka 18, kwa hiyo baadhi yao huondoka nyumbani wakiwa na 16 au 17 kuelekea Italia na kwingineko barani. Unapoongeza watu, itazame ile alama ya nyota za kasi pembeni. Kwenye laptopu ya kawaida ikishuka chini ya nyota mbili, punguza ligi, usipunguze uraia wa Ireland.

Kutafuta sasa. Sifa za mchezaji hupewa alama 1 hadi 20. Kwa kiungo mkabaji anayechezesha, weka mguso wa kwanza 12, pasi 12, maamuzi 12, utulivu 12, umri usizidi 25. Ukiweka 14 kila mahali orodha itakauka, na huo si ubovu wa gemu. Ndiyo hali halisi ya viungo wa daraja la pili Uingereza. Hakikisha kichujio kimewekwa kudai masharti yote kwa pamoja. Kikiwekwa kukubali sharti lolote moja, utaletewa makipa na mabeki wa miaka 33 halafu ushangae.

Orodha ikitoka, ndipo gemu inapolipa bei yake. Panga majina kwa bidii ya kazi na stamina, kisha yapange tena kwa mguso wa kwanza na utulivu. Kwenye mpango wa kwanza Ireland imejaa: Molumby, Knight, Alan Browne, watu wa mapafu. Kwenye wa pili majina yanabaki machache, Will Smallbone na Andrew Moran wakiwa miongoni mwao, na wote wawili hupenda kucheza karibu na lango la adui kuliko mbele ya mabeki. Finn Azaz naye ni namba 10, kiungo mshambuliaji. Ireland haikosi viungo. Inakosa namba 6 wa aina moja, yule wa mbele ya mabeki anayetulia na mpira, na ukishaliona hilo kwenye orodha hutalitazama tena lile benchi la akiba kama zamani.

Mtu wa kumjaribu ni Bosun Lawal, mzaliwa wa Dublin, ambaye kwenye gemu bado ni mali ya Celtic. Ana mwili, anacheza beki wa kati na kiungo wa chini. Mweke mbele ya mabeki watatu, Cullen kando yake, jukumu la Lawal liwe la kukaa tu na la Cullen liwe la kugawa. Kosa la kawaida ni kuwapa wote wawili jukumu la kunyang'anya mpira: wote huufuata mpira, na shimo linalobaki nyuma yao ndilo namba 10 wa wapinzani hupitia. Ukifungwa mabao mawili ya aina hiyo ndani ya nusu saa, angalia majukumu kabla hujamlaumu beki.

Uraia wa asili ni mlango wa pili. Cullen mwenyewe alizaliwa Uingereza, na Smallbone pia. Kanuni za FIFA zinaruhusu asili ya mzazi au babu na bibi, na gemu huonyesha uraia wa pili kwenye ukurasa wa mchezaji. Ila mechi ya kirafiki haimfungi mtu. Declan Rice alivaa jezi ya Ireland mara tatu mwaka 2018, zote mechi za kirafiki, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa Uingereza. Kwenye gemu ni vivyo hivyo: ukimpata kijana mwenye uraia wa nchi mbili, mwingize mechi za mashindano, si za kirafiki tu, hata kama ni dakika za mwisho. Wengine watakataa wito kwa kusubiri nchi kubwa. Waache, uwaite tena dirisha la mechi za kimataifa linalofuata.

Wale wa ligi ya nyumbani nao wana kalenda yao. Msimu wao huanza Februari na kumalizika Novemba, hivyo Machi miguu bado haijachanganya na Novemba imeshachoka. Waite Juni na Septemba.

Kasoro kubwa ni kwamba data ni ya msimu wa 2023/24. Azaz unamkuta Plymouth kwa mkopo kutoka Aston Villa; ukiweka sasisho la Februari 2024 yuko Middlesbrough; mwaka 2025 alihamia Southampton. Pia vijana wengi hawakupewa kipaji kamili bali kiwango cha kati ya hapa na pale, na gemu huchagua upya kila unapoanza. Ndiyo maana kijana yule yule huwa nyota kwa mtu wa mtaa wa Maweni na akawa wa kawaida kwa mtu wa mtaa wa Muyeye. Usimtangaze kwenye maskani kwa sababu ya msimu mmoja wa gemu. Anza upya mara tatu. Anayeng'aa mara zote tatu ndiye wa kumfuatilia kwenye mechi za kweli.

Kuhusu mashine. Inataka Windows ya biti 64 na RAM GB 4, lakini kwa ligi tulizotaja RAM GB 8 na diski ya SSD ndizo zitakazokuachia subira. Laptopu za mtumba zinazouzwa mjini nyingi hufaa, ila uliza kuhusu betri kabla ya bei. Stima ikikatika wakati gemu inaandika faili na betri imekufa, faili huharibika na msimu mzima umekwenda. Washa uhifadhi wa zamu, kila wiki ya gemu, faili tatu zikipokezana, na ya nne uiweke kwenye flashi. Kaskazi ikivuma na joto kupanda, usiiweke juu ya godoro: matundu ya hewa huzibwa, prosesa hujipunguzia kasi, na wiki moja ya gemu huenda mara mbili ya muda wake. Meza ya mbao, visoda vinne chini ya pembe zake, feni ikielekezwa ubavuni. Mechi zitazame kwa picha bapa badala ya zile za pande tatu. Nafasi za viungo huonekana vizuri zaidi, na hilo ndilo unalolitafuta.

Upakuaji unakula GB kadhaa, kwa hiyo tafuta waifai badala ya bando la siku. Kuwezesha kwa mara ya kwanza kunahitaji intaneti, baada ya hapo unaweza kucheza bila mtandao. Nakala za kunakiliwa mtaani ziepuke: hazipati sasisho la Februari, na bila sasisho hilo data inazidi kuwa ya kale.

Mwenye simu tu asisumbuke. Toleo la simu la 2024 lilitolewa kupitia Netflix, na ni jepesi mno kwa uchujaji wa aina hii.