Rivolva iliyotumika: ipi ununue, na ushike wapi kabla ya kulipa

Nazungumzia zile rivolva za kikauboi zinazouzwa Marekani, ambazo unakoki nyundo, yaani unaivuta nyuma hadi ikwame, kwa kidole gumba kila risasi na triga kazi yake ni kuachia tu. Vyuma vyake vya ndani ni vichache, kwa hiyo ugonjwa haufichiki ukijua pa kugusa.

Kwanza fungua kilango cha kulia, zungusha silinda, hakikisha matundu yote ni matupu. Muuzaji akisema haina kitu, hesabu tena.

Sasa koki polepole huku kidole kikiizuia silinda kidogo. Silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho, au kwa pamoja. Nyundo ikitangulia, mtambo umechoka. Rudia matundu yote sita, maana mara nyingi linalosumbua ni moja. Kisha, ikiwa imekokiwa, isukume nyundo mbele bila kugusa triga, gumba likiwa tayari kuizuia. Ikichomoka, irudishe mezani uage.

Tikisa silinda. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma ndiko kubaya. Mimi hubeba fila ya mafundi magari, vile vibati vyembamba vya kupimia mapengo: pengo kati ya silinda na mtutu likiwa inchi 0.004 hadi 0.008 naridhika, likifika 0.010 naiacha.

Mng'aro usikupumbaze. Niliwahi kunusurika kulizwa na moja iliyong'aa kama kioo. Nilipoiinamisha kwenye mwanga, maandishi ubavuni yalikuwa yamefifia kingo na matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani. Ilisagwa ikapakwa upya kuficha kutu. Afadhali iliyochubuka kwa kuingia na kutoka kwenye mfuko wake.

Kwa mnunuzi wa kawaida, ya kwanza ni Ruger Blackhawk ya toleo jipya, lililoanza 1973. Ina kipande kinachopanda triga ikivutwa tu na kupeleka pigo la nyundo kwenye pini ya kufyatulia, bila hicho nyundo haiifikii pini, na ni ngumu kama shoka. Anayetaka risasi ndogo za .22 achukue dada yake, Single-Six, aulizie silinda ya pili ya .22 Magnum, risasi ndefu na kali zaidi. Mara nyingi huwa imepotea.

Ya pili ni Uberti ya Italia, nakala nzuri ya Colt, ila kagua springi. Ruger za kabla ya 1973 naziweka ya tatu: imara, lakini kama mtambo wake haujabadilishwa unapakia risasi tano, nyundo ilalie tundu tupu. Heritage Rough Rider mpya ni rahisi kiasi kwamba sioni sababu ya kununua kuukuu.

Colt yenyewe, ya mwaka 1873, ni ya wakusanyaji. Zilizotengenezwa kabla ya 1900 zilikuwa za baruti nyeusi. Usizilishe risasi za kisasa. Na bei wanayokutajia ni ya yule farasi mdogo aliyechorwa ubavuni, si ya chuma.