"Gari nyeusi ndivyo zilivyo": uzoefu wangu na seramiki koting hapa Dar

Naandika nikiwa na hasira bado, na sisubiri ipoe. Ikipoa nitasema "yaishe", kama tunavyosema siku zote, na hawa mafundi wa koting, ile kinga ya kupaka juu ya rangi ya gari, wataendelea kula hela za watu.

Gari ni Harrier, nyeusi. Ile nyeusi ya Toyota ambayo kwenye kibati cha taarifa za gari imeandikwa C/TR 202. Sifa nyingine za gari mnazijua, sina haja ya kuzirudia. La kujua hapa ni kwamba hiyo 202 ni rangi laini, inachubuka hata kwa kitambaa chenye vumbi, na mimi naishi Kigamboni. Mkazi wa Kigamboni hahitaji maelezo. Unavuka na pantoni, upepo wa bahari unaipiga gari chumvi asubuhi na jioni, na ukipaki chini ya mkungu kupata kivuli, kunguru wanaijaza boneti. Kinyesi cha kunguru kikikaukia juani juu ya rangi nyeusi, utakiosha kitoke, lakini alama inabaki pale pale, imeshaila rangi. Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta ni kinga. Mng'aro ulikuwa nyongeza tu.

Miaka yote nilikuwa natumia waksi ya kopo, ya kununua Gerezani, napigiwa na kijana wa pale mtaani tunapooshea gari. Waksi nzuri inatokana na karnauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki ya Brazili. Kwenye gari nyeusi hakuna kinachoipita kwa uzuri, rangi inakuwa na kina mpaka unaona mawingu ndani yake. Ubaya wake ni kwamba haikai. Kwa jua letu hili na kuosha kila mara, baada ya wiki chache maji hayakimbii tena, yanalala tu juu ya boneti. Silanti inakaa zaidi, miezi kadhaa, kwa kuwa imetengenezwa kwa kemikali ya kiwandani. Seramiki koting ndiyo inayokaa kuliko zote: inagandia juu ya klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, inakuwa ngumu, sabuni haiitoi. Ikishakomaa inatolewa kwa kusuguliwa na polishi tu. Hilo la mwisho lishikeni vizuri.

Nikaona tangazo kwenye simu, nikaenda. Jina silitaji, niseme tu ni upande wa Kinondoni. Bei laki nane. Nikalipa yote siku hiyo hiyo, nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa "mashine ina shida ya mtandao dada, utaichukua ukija kuchukua gari." Nikapewa kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu. Mpaka leo risiti ya EFD sijaiona.

Maelezo yao lakini yalikuwa mazuri, siwezi kudanganya. Gari itaoshwa, itapitishwa ule udongo maalumu wa kutoa utomvu na chembe za chuma, itapigwa polishi, itafutwa kwa spiriti kutoa mafuta ya polishi ili koting ishike kwenye rangi yenyewe, halafu itapakwa koting ya chupa mpya, ndani ya chumba kilichofungwa, chenye taa, bila jua na bila vumbi. Chumba chenyewe wakanionyesha. Kina vigae, kina taa darini, kuna gari nyeupe imekaa humo inameremeta. Nikaondoka na roho kwatu.

Nikarudi mapema kuliko walivyonitegemea. Ilikuwa mchana, siku zile za joto kabla ya masika. Gari yangu iko nje. Nje kabisa, kwenye uwanja wa vumbi, chini ya turubai ambalo kivuli chake kilishahama, paa lina kivuli na boneti yote iko juani. Fundi hayupo. Namuuliza mlinzi, ananiambia kijana ameenda kula.

Nikaisogelea. Boneti ilikuwa imepakwa koting na haikufutwa. Iling'aa rangirangi, kijani na zambarau, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Juu ya bampa kulikuwa na kichupa cha kioo, cha mililita 50, kimeachwa wazi, kifuniko kiko pembeni. Nikakishika. Kimebaki na koting kidogo chini, na shingoni kimezungukwa na chengachenga nyeupe, ngumu, zinazokwaruza kidole. Koting inaganda kwa unyevu wa hewa, ndiyo maana chupa yake inafungwa haraka kila baada ya kudondoshea matone kwenye kile kisponji cha kupakia. Chenga zile hazikuota mchana ule. Kile kichupa kilishafunguliwa siku nyingi, kikahudumia gari za watu wengine, na mimi nimelipia chupa mpya.

Kwa ambao hamjawahi kuona kazi hii, niwaeleze kwa nini nilihisi miguu inaniishia. Koting inapakwa kipande kwa kipande. Unapaka, unasubiri kidogo mpaka zile rangirangi zitokee, unafuta papo hapo kwa kitambaa laini, unakagua kwa taa, unaenda kipande kinachofuata. Kwenye joto na unyevu wa Dar muda huo ni mfupi sana, na boneti ya gari nyeusi iliyopigwa jua huwezi hata kuweka kiganja. Fundi anayejua kazi angeigawa ile boneti vipande vinne na asingeifanyia hapo ilipokuwa. Huyu ameipaka yote, jua linawaka, akaenda kula.

Aliporudi akaanza kufuta. Kitambaa kikawa kinakwama. Nikamwambia, "Kaka, hiyo imeshakauka." Akaniambia, "Usijali dada, itakaa sawa." Yule kijana simlaumu sana. Alikuwa na adabu, jasho linamtoka, na ukimwangalia unaona hajawahi kufundishwa, amepewa chupa akaambiwa paka. Mwenye dhambi yuko ndani, kwenye feni.

Nikaenda kwa meneja. Amekaa, anachezea simu. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu, nikamwomba atoke tuangalie pamoja. Hakunyanyuka. Akaniambia, "Dada, gari nyeusi ndivyo zilivyo. Ungekuwa na nyeupe usingeona kitu."

Nikamwambia kwa heshima tu kwamba naongelea koting iliyogandia juu ya boneti, sio vumbi. Akarudia, "Nyeusi ndivyo zilivyo." Halafu akaongeza lile ambalo usiku nikilala bado nalisikia: "Mzee yupo? Mwambie aje tuongee naye, tutaelewana."

Mzee gani? Gari ni yangu. Kadi ya gari ina jina langu. Hela niliyolipa nimeitoa kwenye mfuko wangu, na wakati wa kuipokea hakuna aliyeniuliza kama kuna mzee. Nilipokuwa natoa laki nane nilikuwa "dada karibu, kaa hapa, unywe maji." Nilipouliza kazi imefanywaje ndipo akatakiwa mwanaume. Kwa kweli ile koting mbovu ningeweza kuivumilia. Hili sijalivumilia na sitalivumilia.

Akamalizia kwa kuniambia nirudi baada ya wiki, "ikishakomaa tutaiangalia." Sasa huo ndio ujanja wenyewe. Koting inachukua kama wiki kukomaa kabisa. Siku ile ile ingeweza kulainishwa kwa koting mbichi ikapakwa juu yake na kufutwa haraka, mafundi wazuri ndivyo wanavyookoa. Baada ya wiki ni polishi tu, na polishi inakula klia. Anajua. Asipojua, basi hafai kukaa pale.

Nikaichukua gari yangu hivyo hivyo. Nikapita daraja la Nyerere, pantoni sikutaka, koting mbichi haitakiwi kupigwa maji wala chumvi siku ya kwanza. Ona, mimi ndiye niliyekuwa naihurumia kazi yao. Usiku nikasimama sheli chini ya zile taa nyeupe. Boneti ina mabaka meusi meusi, mengine yana umbo la mkono unavyozunguka. Kwenye nguzo za madirisha na ukingoni mwa taa za mbele kuna michirizi ya mashine ya polishi, ukisogeza kichwa na yenyewe inasogea. Na baada ya kuosha mara kadhaa, mikwaruzo ya zamani niliyoambiwa imetolewa ikaanza kurudi mmoja mmoja. Haikuwa imetolewa. Ilikuwa imefunikwa na mafuta ya polishi, na spiriti haikupita, kwa hiyo sehemu hizo koting ilishika mafuta, mafuta yalipotoka na yenyewe ikatoka.

Ndugu mmoja akanipeleka kwa fundi wa rangi Temeke, mzee mtulivu, ana kile kifaa cha kupima unene wa rangi. Kwenye paa akasoma maikroni mia na kitu, ambayo ndiyo rangi ya kiwandani. Ukingoni mwa boneti, karibu na taa, ikasoma sabini na kitu. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 50 tu. Fanyeni hesabu wenyewe kilichobaki pale. Mzee akanyamaza, akapitisha kidole kwenye ule ukingo, akaniambia, "Mwanangu, hapa usiruhusu mtu apige tena mashine." Yaani boneti yangu inahitaji polishi kutoa mabaka, na haina klia ya kupigia polishi. Rangi ya kiwandani ikishaliwa hairudi, labda upake upya, na rangi ya kupaka mtaani sio ile.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapa kwa kusema seramiki koting ni utapeli, kaeni na waksi zenu. Siwezi. Masika ilipoingia nikaona kitu ambacho lazima nikiseme hata kama kinamfaidi yule meneja.

Milango ya kushoto imetoka vizuri mno. Sijui nani aliipaka, labda fundi mwingine, labda ilipakwa kwanza wakati gari iko ndani ya chumba. Mvua ikinyesha, maji hayakai pale hata kidogo, yanajikusanya yanashuka mbio na kuondoka na vumbi. Kunguru waliichafua juu ya mlango wa nyuma, nikaikuta kesho yake imekauka, nikaimwagia maji ikatoka, chini yake hakuna alama. Hakuna! Waksi haijawahi kunipa hivyo. Kwa hiyo bidhaa inafanya kazi, tena sana, na ndiyo inayozidi kuniuma, maana gari yangu yote ingekuwa kama ile milango.

Kwa hiyo pigeni koting? Kwa aliye na gari nyeusi na anakaa karibu na bahari, ndiyo. Hapana, ngoja. Ndiyo kama unamjua fundi kwa kazi yake, umeona gari aliyoipaka mwaka jana na sio ile aliyoipaka jana. Umuone akifungua chupa mbele yako. Akupime unene wa rangi kabla hajashika mashine, akuandikie. Asipokuwa na hicho kifaa, ondoka. Akikwambia anaweza kuifanya nje, ondoka. Na risiti ya EFD uipate siku unayolipa, la sivyo hela ubaki nayo.

Wengine wote, na nafikiri ndio wengi, chukueni silanti ya chupa, kitambaa laini na asubuhi moja kabla jua halijapanda. Gari ioshwe, ikauke, boneti iwe ya baridi mkononi, paka kidogo, futa. Ukikosea, unapaka tena. Haikuachii kovu. Boneti yangu sasa naikinga hivyo hivyo, kwa mkono, na yule kijana wangu wa mtaani ambaye kwa elfu kumi yake ana uangalifu kuliko duka lenye vigae. Namaanisha kabisa. Yeye hajawahi kuacha gari ya mtu juani akaenda kula.

Nyota siwapi. Milango ningeipa zote, lakini aliyeipaka sio aliyeniambia nimlete mzee.

Na wewe meneja, najua hizi habari zitakufikia. Ile kadi yako ya gwarantii ya miaka mitano ninayo, picha za boneti ya siku ile ile ninazo, na ya kile kichupa chenye chenga ninayo. Vipimo vya fundi viko kwenye karatasi. Nataka nusu ya hela yangu, laki nne, na risiti ya EFD ya laki nane nzima. Usipofanya hivyo nafungua malalamiko Tume ya Ushindani, na nitakwenda mwenyewe, simtumi mtu. Namba yangu unayo, juzi mmenitumia ujumbe wa ofa ya sikukuu.