TAHADHARI: Injini za "CC 200" zilizogongwa namba upya. Nimepigwa shilingi 520,000

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa bado na uchungu, lakini nisipoandika kuna mwenzangu atapeleka pesa yake kwa mtu huyuhuyu wikiendi hii.

Mimi si fundi wa kazi. Nashinda ofisini, na jioni na Jumapili nafufua pikipiki chakavu uani kwangu hapa Dar. Nanunua kitu kilichokaa kwenye vumbi miaka, nakifungua chote, naosha kwa mafuta ya taa, naweka ringi, nyaya na rangi mpya, hadi siku kinapopokea kiki na kuunguruma. Ni starehe yangu, na mpwa wangu wa kidato cha pili amejifunza humo kushika spana.

Hii ya sasa ni ya nne. Fremu ni ya CG (mtindo wa pikipiki ulioanzia Honda na kuigwa na Wachina), nilinunua Morogoro kwa mwenyewe, kadi yake safi, tukahamisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) bila shida. Injini yake ya 125 ilikuwa imekufa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Nikaona niipandishie CC 200, kwa sababu nataka nende nayo kwetu Lushoto, na anayeujua mlima wa kutoka Mombo atanielewa.

Nikaona tangazo. Injini imesafishwa inang'aa, namba inaanza na 163FML, bei shilingi 520,000, maelezo yanasema imetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali, haijatembea sana. Nikapiga simu. Jamaa mpole, ananiita kaka, anajibu kila swali. Akasema kuna mtu wa Mbagala anaifuata saa kumi, kwa hiyo nitume 50,000 aishike. Nikatuma. Nilipofika nikaikuta imefungwa kwenye stendi ya chuma, inaunguruma, sauti tulivu, moshi hamna. Nikalipa iliyobaki, nikaandikiwa risiti ya mkono, nikaondoka nayo kwenye bajaji.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo wengi tunapoanguka.

Hizi injini za Kichina za mtindo wa CG zina namba inayojieleza yenyewe. Tarakimu ya kwanza, 1, ni silinda moja. Mbili zinazofuata ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, takriban. F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa: I ni 125, J ni 150, L ni 200. Kwa hiyo 157FMI ni 125, 162FMJ ni 150, 163FML ni 200. Angalieni zilivyokaribiana. Kutoka 162FMJ kwenda 163FML mtu anabadilisha tarakimu moja na herufi moja tu. Mwenye grainda na stempu za kugonga anamaliza kazi hiyo haraka.

Na pistoni haitakusaidia kwa macho. Ya 150 ina kipenyo cha milimita 62, ya 200 ina 63.5. Nani ataona milimita moja na nusu? Tofauti kubwa iko kwenye mwendo wa pistoni, yaani inavyopanda na kushuka: 150 inatembea milimita 49.5, 200 inatembea 62.2. Karibu milimita 13 nzima. Hapo ndipo CC zinapotoka, na hapo hakuna stempu inayoweza kudanganya.

Mimi nilijua baada ya kuipandisha kwenye fremu na kutembea kilomita thelathini hivi. Nguvu haikuwepo. Ikapoa, nikaiwasha asubuhi yake, ikatoa moshi wa bluu uani kote na mlio wa kugonga chini. Nikamwaga oili: ilitoka nzito kama asali. Nikaelewa kwa nini niliikuta inaunguruma tayari. Injini iliyochoka ikipashwa moto na kujazwa oili nzito, kugonga kunafifia na moshi unapungua kwa muda. Nikatoa kichwa cha injini, nikaweka venia (kifaa cha kupimia milimita). Kipenyo 62, mwendo 49.5. Ni 150, na ringi zake zimekwisha.

Kwenye ile sehemu ya namba nikapitisha kitambaa chenye thina. Rangi ya fedha ikatoka, chini yake mistari ya grainda imelala upande mmoja. Herufi L imekaa chini kidogo ya M, na tarakimu ya 3 imezama kuliko jirani zake. Nikampelekea picha mzee mmoja fundi wa Gerezani ambaye ameshika injini hizi tangu sijaoa. Akajibu mstari mmoja: "Mwanangu, hiyo L imezaliwa juzi."

Pesa ingeniuma nikanyamaza. Kilichonitoa usingizi ni swali jingine: kama ni biashara ya kuongeza CC tu, kwa nini tarakimu zote zinazofuata baada ya herufi hizo, zile za kutambulisha injini moja moja, zimesagwa pia, hadi ya mwisho kabisa? Injini yenye namba iliyofutwa yote ina kila dalili ya mali ya mtu mwingine. Huenda kuna kijana wa bodaboda ameibiwa, na bado anamlipa mwenye pikipiki hesabu ya kila siku. Na mimi ningekuwa naendesha huku kadi yangu ina namba moja na chini yangu kuna namba nyingine ya uongo. Kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi ni kosa kisheria, na "niliuziwa" bila jina la aliyekuuzia ni utetezi mwembamba sana.

Nikaenda kituoni mwenyewe, na injini, risiti, ujumbe wa muamala na picha za tangazo. Injini imebaki kama kielelezo. Ile risiti haina jina wala anwani, ina saini tu. Simu ya muuzaji haipatikani tena kwangu.

Niliyokosea ni haya, msirudie. Nilimuuliza nakala ya kadi ya pikipiki ilikotoka injini, akasema iliungua kwenye ajali, nikakubali. Mtu mwenye injini halali iliyotoka kwenye ajali anaweza kukuonyesha kadi, au taarifa ya upotevu kutoka polisi, au hata fremu yenyewe. Asiyekuwa na hata kimoja, mwache. Piga picha namba ya injini ilinganishwe na kadi kabla hujatuma hata elfu kumi. Na usiipandishe injini yoyote kwenye fremu yako bila kupeleka taarifa TRA namba ibadilishwe kwenye kadi.

Mwambie pia muuzaji unataka kuikuta injini imepoa. Shika kichwa kwa mkono. Ikiwa ya moto ulipofika, subiri ipoe au ondoka. Chomoa kijiti cha oili utazame uzito wake. Kisha toa plagi, ingiza kijiti cha plastiki kirefu kigumu kidogo (siyo kibiriti, kitakatikia ndani), na mtu asukume kiki polepole. Tundu la plagi limelala upande, kwa hiyo hutapata kipimo kamili, lakini pistoni inayotembea sentimita tano na ile ya zaidi ya sita utazitofautisha. Muuzaji akikukataza kutoa plagi, ameshakujibu.

Kama umewahi kununua injini kwa mtindo huu, tafadhali usiiuze kwa mwingine ili kurudisha hasara. Peleka kituoni, na utunze ujumbe wote wa simu.

Jana usiku mpwa wangu kanionyesha tangazo jipya. Jina jingine, namba nyingine ya simu, lakini stendi ya chuma ni ileile, na nyuma yake ukuta uleule wa kijani uliobanduka pembeni. Safari hii imeandikwa 167FMM, anaiita CC 250, anataka 680,000, na anasema kuna mtu anaifuata saa kumi. Picha nimeshazipeleka kituoni asubuhi hii. Aliyeshatuma advansi aniandikie, twende pamoja.