Keki ya harusi Dar: ipi wageni wataila ikaisha?

Usiku wa harusi ya mdogo wangu, ukumbini Sinza, tulibaki wanakamati watatu kukusanya vitu. Karibu kila meza ilikuwa na tishu zilizokunjwa vizuri. Nikafungua moja: ganda jeupe la fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa kufunika keki, limebanduliwa zima, halijaguswa na jino. Keki tuliinunua kwa kilo, na ganda lile lilipimwa humo humo kwenye mzani.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa keki ipi ichaguliwe, naanzia mdomoni. Mgeni anapewa kipande kidogo, usiku, tayari ameshiba pilau na soda. Kikiwa kikavu au kitamu kupita kiasi, hakimalizi.

Ya kwanza kwangu ni keki ya limau iliyokorogwa kwa mafuta na mtindi. Mafuta hayagandi kwenye friji kama siagi, hivyo keki inabaki laini hata ikitolewa ya baridi, na ule ukali wa limau unakata sukari. Nimeona wazee wasiogusa keki wakiomba cha pili. Inayofuata ni ya karoti yenye mdalasini. Karoti yenyewe inaitunzia unyevu. Uliza tu kama ina korosho au karanga, maana kuna wageni wenye mzio. Chokoleti ni ya tatu, watoto watakushukuru. Red velvet, ile keki nyekundu, naiweka ya nne: rangi inapendeza kwenye video, ila krimu yake ya jibini haistahimili joto.

Na joto la Dar si la kupuuza. Januari na Februari mchana unavuka nyuzi 30, na siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Umeme ukikatika ukumbini, krimu ya siagi inateleza huku MC akiita maharusi. Paka krimu nyembamba, fondanti ibaki kwa maua ya juu. Waulize pia waokaji kuhusu jelatini iliyomo kwenye fondanti, kama ni halali.

Keki ya matunda makavu kwa wageni naiweka mwisho, wengi hawaimalizi. Kwa keki za wazazi naiweka ya kwanza: inakaa wiki kadhaa na inavumilia basi mpaka Moshi au Mbeya. Matunda huwa yanalowekwa kwenye brandi. Kama ukweni ni Waislamu, yalowekwe kwenye juisi ya chungwa, na useme mapema.

Kuhusu kiasi: gramu 50 kwa mtu, wageni 200, ni kilo 10. Si lazima zote ziwe jukwaani. Agiza keki ndogo iliyopambwa ya kukata na kulishana, ngazi za chini ziwe za foam, yaani bandia za kupambwa tu, na nyingine za ladha ile ile ziokwe kwenye trei na kukatwa jikoni. Mapambo ndiyo yanayokula hela. Ngazi zipangiwe ukumbini. Foleni ya Jumamosi jioni Mwenge imeshazilaza nyingi.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha kuonja, lakini usikile dukani kwenye kiyoyozi. Kipeleke nyumbani, kiache mezani kwa muda wa saa tatu, feni tu, halafu wape watoto na bibi yao. Wakirudi kuuliza kama kimebaki, lipa advansi.