Mstari mwekundu chini ya "colour": uzoefu wangu na kikagua tahajia

Kwa miezi kadhaa niliamini sijui kuandika neno "colour". Kila nikiliandika kwenye barua pepe, mstari mwekundu unajikunja chini yake kama nyungunyungu, nami naifuta ile u na kuendelea. Vivyo hivyo "centre", "travelled", "grey". Kiingereza nilichofundishwa ni cha Uingereza, lakini mstari mwekundu una namna yake ya kumtia mtu wasiwasi, hasa akiandika kwa lugha ambayo si yake. Kumbe programu yangu ya barua pepe ilikuja na kikagua tahajia kilichowekewa kamusi ya Kimarekani, inayotaka "color" bila u, wala haikuniuliza.

Nilipogundua, nikafanya kosa la pili, na hili ndilo lililoniponza. Badala ya kuingia kwenye mipangilio, nilibofya "Ongeza kwenye kamusi" kila mstari ulipotokea. Leo "colour", kesho "favourite", keshokutwa "jewellery". Nikawa na maneno zaidi ya mia kwenye kamusi yangu binafsi, na skrini safi kabisa. Kisha mteja aliyetaka tahajia ya Uingereza akanirudishia maelezo ya kazi: aya ya kwanza "colour", aya ya tatu "color", yote mawili kayazungushia duara. Kuongeza neno hakuliondoi lile jingine. Nilikuwa nimejitengenezea kamusi inayopokea kila kitu, na kamusi ya namna hiyo haikagui.

Kubadilisha lugha kwenyewe ni kazi ya dakika mbili. Kamusi ya Kiingereza cha Uingereza ilibidi niipakue kando, nikaichagua, nikafungua programu upya. Kilichonichukua muda ni kuelewa kwa nini nikiandika barua kupitia kivinjari mistari inarudi. Kivinjari kina kamusi yake, tofauti na ya programu ya barua pepe. Ni walinzi wawili, kila mmoja na orodha yake ya wageni, na ukimwambia mmoja usidhani mwenzake amesikia.

Ukijua kinavyofanya kazi, hasira inapungua. Programu nyingi, zikiwemo kivinjari cha Firefox, Thunderbird ya barua pepe na LibreOffice ya kuandikia nyaraka, hutumia kikagua tahajia kiitwacho Hunspell, ambacho asili yake kilitengenezwa kwa ajili ya Kihungari, lugha inayopachika viambishi kwa wingi (sisi tunaielewa hali hiyo vizuri). Kamusi yake ni mafaili mawili: moja la orodha ya maneno, jingine la kanuni za viambishi. Swali linaloulizwa ni moja tu: neno hili limo? Kama limo, linapita. Maana haimo katika hesabu.

Hapo ndipo kamusi ya Uingereza nayo iliponiangusha. Mwingereza huandika "cheque" ya benki, lakini "check" ya kukagua ni neno halali kwake, kwa hiyo nikiandika "check" nikimaanisha hundi, kimya. "Tyre" ni tairi, "tire" ni kuchoka, kimya. "Storey" ni ghorofa, "story" ni hadithi. Kimya, hata nikisema jengo lina hadithi nne. Baya zaidi ni "practice" na "practise", "licence" na "license": kwa Mwingereza yenye c ni nomino na yenye s ni kitenzi, na kikagua tahajia hakijui nomino ni nini. Kwa jozi hizi nimerudi kwenye macho yangu na karatasi ndogo niliyoibandika pembeni ya skrini.

Halafu kuna "organise" na "organize". Kamusi yangu ya Uingereza inapokea zote mbili, nikadhani ni hitilafu. Si hitilafu. Kamusi ya Oxford yenyewe huandika kwa z, kwa hiyo anayekuambia "-ize" ni Umarekani mtupu amekosea. Lakini Oxford hao hao wanaandika "analyse" kwa s, maana mwisho wake haukutoka kwenye kiambishi cha Kigiriki kilichozaa "-ize". Chagua moja, uishike barua nzima. Kikagua tahajia hakitakushikia.

Lawama za mgawanyiko huu wengi humtupia Noah Webster, mtunga kamusi wa Kimarekani, na kamusi yake ya 1828, iliyozipa nguvu "color" na "center". Alitaka pia "tongue" iandikwe "tung". Hiyo Wamarekani wenyewe waliikataa, nami nawashukuru, ningekuwa na neno jingine la kubandika kwenye karatasi.

Kamusi binafsi nimeifuta yote nikaanza upya. Sasa ina majina ya watu na maneno ya Kiswahili tu. Barua ya mteja wa Kimarekani naibadilishia lugha kabla sijaandika salamu, kwa sababu programu yangu haikumbuki nani anaandikiwa kwa tahajia ipi. Mara mbili nimesahau.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Makosa ya vidole inayakamata vizuri sana, na kwa hilo pekee siwezi kuizima. Nyota moja nimeikata kwa kutoniuliza lugha siku ya kwanza, na nyingine kwa sababu juzi, baada ya kujisasisha, "colour" imerudi kuwa nyekundu.