Programu ya kutabiri maeneo ya uhalifu: eti wezi wamejaa kituo cha polisi

Jamani, sijui nicheke au nitukane. Kazi yangu ni kupendekeza taa za barabarani zifungwe wapi kwanza na doria ya usiku ipite wapi, kwa hiyo programu hii niliipokea kwa mikono miwili. Ramani ya kwanza ikafunguka. Doa jekundu kuliko yote limekaa wapi? Juu ya kituo cha polisi! Mitaa ambayo kila mtu anajua simu zinaporwa jua likishazama, nyeupe pee.

Nikabofya lile doa. Likashuka orodha: simu kuporwa, mlango kuvunjwa, mkoba kuporwa, yote kwenye kordineti (namba za mahali kwenye ramani) zilezile hadi tarakimu ya mwisho. Kumbe tukio likikosa anwani, programu haisemi. Inalibwaga kwenye kituo lilikoripotiwa, kisha inapiga hesabu ya msongamano kana kwamba wizi wote umefanyika pale kaunta. Wala si kituko kipya. Mwaka 2009 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba ramani ya polisi wa jiji hilo ilikuwa ikirundika matukio ya namna hiyo sehemu moja, katikati ya jiji. Mpaka leo watu wanauziwa ugonjwa uleule!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanijibu, "Mashine haidanganyi, labda hujazoea kusoma ramani." Hujazoea! Nikameza mate, nikamuuliza: doria ikipelekwa penye wekundu, itakamata watu hukohuko, wakikamatwa wanaingia kwenye data, wekundu unazidi. Tutatokaje hapo? Akasema atanifungulia tiketi. Tiketi hiyo naisubiri mpaka sasa. Santa Cruz kule California walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujaribu utabiri wa aina hii, na mwaka 2020 wakaupiga marufuku. Wakati ule niliwaona waoga. Baada ya simu ile, hata sijui.

Sasa, kusema kweli (na inaniuma kusema), upande wa kufanya maamuzi ni mtamu. Wametumia njia ya mwanahisabati Thomas Saaty: unalinganisha vigezo vya hatari viwiliviwili kwa alama 1 hadi 9. Giza na baa, kipi kizito zaidi? Baa na magofu? Ukisema giza linaizidi baa, baa inayazidi magofu, halafu ukageuka ukasema magofu yanalizidi giza, inakurudisha. Uwiano unaopima unavyojipinga ukivuka 0.10, rudi ukafikiri upya. Tuna mwenzetu ofisini ambaye kila kikao wimbo wake ni "watu wa mtaa ule ndio wezi". Safari hii alishika kipanya, akatafuta kigezo cha "watu wa mtaa ule" juu hadi chini, hakukiona. Akabaki anachagua kati ya giza na magofu kama sisi wengine. Kwa hilo tu ningetoa nyota nne.

Basi nikayang'oa yale matukio ya kituoni kwa mkono, moja baada ya jingine, nikaiendesha upya. Wekundu ukahamia kwenye njia ya mkato nyuma ya stendi, isiyo na taa hata moja. Hapo inaeleweka. Nyota tatu. Hapana, mbili. Kazi ile ya kung'oa nilitakiwa kulipwa mimi.