Nitreti kwenye tangi jipya la maji chumvi: ukiwa Dar, nunua nini kwanza

Tangi la maji chumvi likitimiza mwezi mmoja au miwili, swali huwa lile lile: nitreti imefika 40, nimwage dawa gani? Dukani jibu lipo tayari. "Kaka, chukua hii chupa, inamaliza nitreti yote." Mimi chupa hiyo naiweka karibu na mkia wa orodha. Orodha yangu ni ya mtu wa Dar, anayelipia umeme kwa LUKU, na ambaye wiki hii ana maji ya DAWASA na wiki ijayo ana maji ya boza.

Tukubaliane kwanza kuhusu namba. Samaki anatoa amonia, na chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia. Bakteria wa kundi la kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, wa kundi la pili wanaigeuza nitriti kuwa nitreti. Inayoua haraka ni amonia. Nitreti inavumilika kwa kiasi: tangi la samaki peke yao likikaa chini ya miligramu 20 kwa lita liko vizuri, na hata 40 si ya kupigia kelele usiku. Ukitaka kufuga matumbawe, lenga kati ya 2 na 10. Usiikimbilie sifuri, matumbawe nayo yanakula.

Namba moja: kipimo cha matone

Huwezi kupunguza usichokipima, kwa hiyo hapa ndipo shilingi ya kwanza iende. Nunua cha matone, uachane na karatasi za kuchovya. Karatasi hizo zinaharibiwa na unyevu, na hewa ya mji huu ina unyevu mwaka mzima. Ukishafungua kopo mara kadhaa, rangi zake huziamini tena.

Kabla ya kulipa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi chini ya kila chupa, siyo kwenye boksi peke yake. Uliza pia kipimo kinasoma nitreti yenyewe au kinasoma naitrojeni iliyomo ndani ya nitreti. Vipo vya aina zote mbili, na cha aina ya pili lazima uzidishe jibu kwa 4.4. Mtu akisoma 9 akafurahi, kumbe ana 40.

Vipimo vingi vina chupa moja ambayo dawa yake inaganda chini. Kile cha kampuni ya API, kwa mfano, kinataka chupa ya pili itikiswe kwa nguvu sekunde 30, kisha mrija utikiswe dakika nzima, kisha usubiri dakika tano. Ukitikisa kivivu, mrija unabaki na rangi ya njano na wewe unalala ukidhani maji ni safi. Na tangi likiwa bado changa, lenye nitriti ndani, jibu la nitreti huja juu kuliko ukweli, kwa sababu vipimo hivi hufanya kazi kwa kuigeuza nitreti kuwa nitriti kwanza. Subiri nitriti ishuke hadi sifuri ndipo uanze kuhangaika.

Namba mbili: maji safi, na vifaa vya kuyabadilishia

Hapa ndipo ningetaka msomaji atulie, kwa sababu matangi mengi ya Dar yanapata nitreti kutoka kwenye ndoo ya maji yenyewe. Visima vingi vya mjini vimechimbwa katikati ya makazi yenye vyoo vya shimo, na nitreti inashuka na maji ardhini bila kuacha rangi wala harufu. Chukua kipimo chako kipya, pima maji ya kisima kabla hujapima tangi.

Hesabu yake ni hii. Tangi la lita 100, joto la Februari na feni juu yake, linaweza kupoteza lita 10 kwa wiki. Yanayopaa ni maji matupu. Chumvi na nitreti vinabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima yenye miligramu 30 kwa lita, umeingiza miligramu 300, yaani nitreti imepanda 3 kila wiki kabla samaki hajala chochote. Baada ya miezi mitatu hakuna chupa ya dukani itakayokuokoa.

Suluhisho zuri kuliko yote ni mashine ndogo ya RO ya nyumbani (inasukuma maji yapite kwenye utando unaozuia chumvi na madini), yenye hatua ya mwisho ya resini ya kuondoa madini. Kama bajeti hairuhusu, nunua madumu ya lita 20 kwa wanaouza maji yaliyosafishwa kwa RO, na nunua kipima TDS, kile kinachofanana na kalamu, kinachosoma wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini. Kikisoma chini ya 10, chukua. Kikisoma 80, huyo muuzaji ameongeza madini ya kunywea au chujio lake limechoka. Nenda kwa mwingine.

Halafu ongeza ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, mpira wa kunyonya uchafu kwenye mchanga, chumvi maalumu ya akwariamu (ya mezani haifai, haina magnesiamu wala kalsiamu inayotosha), na rifraktomita ya kupimia chumvi. Lenga chumvi ya sehemu 35 kwa elfu. Ukibadilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na nitreti, 40 inakuwa 30. Robo nyingine, 22 na nusu. Ukibadilisha nusu nzima unafika 20 kwa mkupuo mmoja, lakini hakikisha chumvi na joto la maji mapya vinalingana na vya tangi.

Na bahari je, si ipo hapo? Ipo, na maji yake ni bure. Ila usichote ufukweni karibu na mdomo wa mto Msimbazi, wala baada ya mvua za masika. Chota mbali na mji, maji yakiwa yanajaa, ikiwezekana ukiwa kwenye boti, kisha pima chumvi na nitreti kabla hayajaingia ndani. Jiwe lenye uhai (jiwe la baharini lililojaa bakteria na viumbe wadogo) na matumbawe usiyaguse. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, na mwamba uliovunjwa leo hautarudi ukiwa bado na nguvu za kuuona. Nunua jiwe kavu, bakteria watahamia wenyewe.

Namba tatu: skima

Skima inapiga mapovu madogo sana, uchafu unanata kwenye povu na kupanda hadi kwenye kikombe. Nitreti yenyewe haiitoi. Inatoa uchafu kabla haujawa nitreti. Kikombe kikijaa maji yenye rangi ya chai ya rangi na harufu ya kukimbiza watu sebuleni, inafanya kazi. Ikiwa huna beseni la chini, lile la kuweka vifaa chini ya tangi, zipo za kuning'iniza nyuma ya tangi. Lita za tangi ambazo boksi linadai skima inazimudu, zigawe kwa mbili. Pampu ya wati 15 inakula kama uniti 11 kwa mwezi, kwa hiyo soma wati kabla ya kusoma bei. Pesa ya hita, ambayo mara nyingi ukiwa Dar huna haja nayo, ihamishie hapa.

Namba nne: mwani

Mwani wa nyuzi, Chaetomorpha, chini ya taa ndogo ya LED. Unakula nitreti ukikua, nawe unaitoa kwa kuuvuna. Ukiuacha ufe ndani, umerudisha kila kitu. Ni rahisi, naupenda, ila unahitaji nafasi.

Mkiani

Resini za kunyonya nitreti zinachagua vibaya ndani ya maji chumvi, zinajaa upesi. Chupa za bakteria zina kazi siku za kuanzisha tangi. Kwa nitreti iliyokwisha kupanda sitoi pesa.

Siki au vodka ya kulisha bakteria inashusha nitreti kweli, lakini anayeanza asiiguse. Bakteria wanaongezeka ghafla na kutumia oksijeni, na maji ya nyuzi 29 yanashika oksijeni kidogo tayari. Umeme ukikatika saa nane usiku, skima ikisimama, samaki watakuwa juu ya maji wanatweta kabla hujaamka.